Mashine ya Samaki na Boti ya Shemeji

Mie ni mtu wa Temeke, fundi redio. Sijawahi kuvua hata dagaa, na bahari yenyewe naiogopa. Enzi hizo nikipanda pantoni kwenda Kigamboni nilikuwa nasimama katikati kabisa, kati ya magari na matenga ya kuku, nisione maji. Sasa mtu wa namna hiyo aitwe kufunga mtambo ndani ya boti ya wavuvi, si mkosi huo? Lakini miaka ile ya Ujamaa, ukijua kuchomelea waya wa redio ulikuwa umejua kila kitu. Nimewahi kuletewa pasi, saa ya msikitini, hata mashine ya kusagia nyama, na mwenyewe anasimama mlangoni kunisubiri niitengeneze.

Aliyenifuata alikuwa Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa wa uvuvi. Kijana msomi, kaunda suti imenyooka, na hasira karibu. Kijiji cha wavuvi kule ng'ambo, Kigamboni, kilikuwa kimepewa boti kubwa ya ushirika, na pamoja nayo mtambo wa kutafutia samaki, ungali ndani ya sanduku lake. Walioutoa walikwisha kurudi kwao Ulaya. Hakuna aliyejua kuufunga.

"Ndugu fundi," akaniambia, "wewe una bisibisi. Twende."

Nilikubali kwa ajili ya dada yangu tu. Dada yangu aliolewa kule Kigamboni na mvuvi mwenye boti yake mwenyewe ya mbao, yenye mashine ya dizeli ndani. Mie ndiye niliyemfungia shemeji taa za boti ile. Asubuhi moja shemeji akatoka peke yake, hakurudi tena. Watu wakamtafuta kusini na kaskazini. Halikuonekana gogo, haikuonekana kamba, hakuna aliyeokota hata kofia. Miaka ikapita. Dada akabaki si mke, si mjane. Akapatikana seremala wa Tabata, mtu mwema, akataka kumuoa, naye dada akampenda. Shehe akasema haiwezekani: leta ushahidi kwamba mume amekufa, au endelea kusubiri. Na wa kwanza kukataa kutoa ushahidi alikuwa mama mkwe wake.

"Mwanangu hajafa," bibi alikuwa akisema, basi, hana neno jingine.

Tukaona ni uchungu wa uzazi, nani atamlaumu? Walikuwa wakiishi wawili tu katika nyumba ile, dada na bibi. Dada alimchemshia maji ya kuoga, akamkanda miguu, akampangia foleni ya sukari tangu alfajiri. Kipindi cha unga wa njano wa msaada, bibi alipokuwa hawezi kwa tumbo, dada alivuka maji kuja kwangu kutafuta mchele wa kumpikia uji. Nikimgombeza kwamba anajichosha kwa mama wa mtu aliyepotea, ananijibu, "Mdogo wangu, huyu hana mwingine."

Siku nilipomweleza kazi niliyoitiwa, dada aliacha kupepeta mchele.

"Hiyo mashine inaona mbao?"

"Inaona chochote kigumu kilicho chini."

"Basi popote mtakapopita, uangalie. Nimechoka, mdogo wangu. Nataka nijue tu."

Bibi alikuwa palepale mkekani, anavuta tasbihi.

Mtambo wenyewe ulikuwa sanduku la chuma la kijivu lenye kidirisha. Ndani yake karatasi inajikunja polepole, na kalamu ya chuma inapita juu yake ikiiunguza, harufu kama ya nywele zilizoungua. Kipande cha pili ni kichwa cha shaba, ukubwa wa kisosi, kinachokaa chini ya boti. Kinatoa mlio, mlio unagonga sakafu ya bahari, unarudi, na kalamu inachora ulipogonga. Nilikisoma kitabu chake kwa Kiingereza changu cha kuungaunga mpaka nikaelewa. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu. Nikatoboa tundu, nikakaza kichwa, nikaziba kwa pamba na lami, nikaunganisha betri, nikajipongeza, nikarudi zangu Temeke kulala.

Siku ya kujaribu tukatoka: mimi, Bwana Samaki, nahodha, na mabaharia wake wachache. Nahodha alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa palepale, mpole hata akikasirika. Nikawasha. Karatasi ikawa nyeusi tii juu, na chini hakuna kitu. Hakuna samaki, hakuna sakafu, kana kwamba bahari haina mwisho. Nikagusa waya huu, nikagusa ule, nikabadili betri, nikaapa viapo vyote ninavyovijua. Bwana Samaki ananitazama tu. Jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Tuliporudi na maji kupwa, nikainama chini ya boti. Mungu wangu! Boti nzima nyeupe. Wamepaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama wanaopaka kila chombo kabla ya kushushwa, ili fukusi wa baharini wasile mbao. Wamekandika kila mahali, nene kama chapati.

"Kichwa changu kiko wapi?" nikauliza.

"Kipo," akasema nahodha, anajivuna kabisa. "Tumekipaka vizuri, mara mbili. Tungekiachaje uchi, mwenzetu?"

Nikakaa mchangani. Nilipandwa na hasira hadi nikaanza kucheka. Nikawaeleza kwamba kile ni sikio la mashine, nao wamelijaza uji. Baharia mmoja akaniuliza kwa huruma kama sikio halitaliwa na fukusi. Ikabidi niazime kijiko kwa dada, nikalikwangua taratibu mpaka shaba ikang'aa.

Baada ya aibu ile Bwana Samaki hakutaka tena kwenda mbali. Akasema tujaribu kwanza mahali ambapo kina chake kinajulikana, tulinganishe na ramani ya bandari. Akachagua pale nje ya mlango wa bandari, pembeni ya njia ya meli. Hakuna mvuvi anayetupa nyavu pale, ni tope tupu na meli zinapita. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kupajua kwa karibu. Kazi yangu ilikuwa kusoma kina kwa pima kwenye karatasi, na nahodha alinganishe alama mbili za pwani ili tujue tuko wapi, kisha Bwana Samaki aweke nukta kwenye ramani.

Safari hii kalamu ikachora. Ikachora mstari wa sakafu, umenyooka kama mkeka uliotandikwa. Pima sita, na ramani inasema pima sita! Nikapiga kelele, mabaharia wakapiga makofi, hata Bwana Samaki akanishika bega. Nilijiona mtu mkubwa kuliko mkuu wa mkoa.

Kisha mstari ukapanda. Ukapanda ghafla, ukaenda juu ya kitu, ukashuka ghafla.

"Jiwe hilo," akasema Bwana Samaki.

"Hapa hapana jiwe," akajibu nahodha. "Hapa ni tope, ndugu. Nimezaliwa hapa."

Tukageuza, tukapita tena. Kile kitu kikajichora tena, kirefu, upande mmoja umechongoka. Tukakikata kwa mapana, kikatoka kifupi. Nahodha akavua kofia yake. Wote tulijua kitu gani kina umbo lile.

Baharia mmoja alikuwa amezoea kuzamia majongoo ya bahari. Akavaa miwani yake ya kuzamia, akafuata kamba ya nanga kwenda chini. Nilidhani hatatoka. Alipotoka, mkononi alikuwa na kibao kimeota magamba, akakitupa miguuni mwangu. Nikakikwangua kwa bisibisi. Kilikuwa kibao cha swichi. Nilikikata mwenyewe kutoka kwenye kasha la redio mbovu, bado kilikuwa na tundu la kile kitufe cha kutafutia stesheni. Nilikipigilia mwenyewe kwenye boti ya shemeji.

Nikainua macho, na nikaiona Kigamboni, minazi, na bati la nyumba ya dada likimeremeta kwa jua. Pale! Dada alikuwa ameuliza mabaharia wa Mafia, wa Kilwa, wa Pemba, kila chombo kilichotia nanga amekiuliza, na boti iko mbele ya uso wake siku zote. Niliwaza kwamba kila alipokuwa akisugua masufuria ufukweni alikuwa akitazama pale.

Yule baharia akazama tena, na tena. Aliporudi safari ya mwisho alikaa kwanza, akahema, akamtazama nahodha.

"Mashine haimo."

"Imeoza?"

"Haimo. Nati zimefunguliwa kwa spana, boliti zimebaki. Na sakafuni kuna matundu yaliyotobolewa kwa keekee, ya mviringo, yamekaa msitari. Ndani wamejaza mawe."

Tukatazamana. Nahodha ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini.

"Wezi hawa. Wamemuua, wakachukua mashine, wakazamisha chombo. Innalillahi."

Wote tukaitikia. Hatukuwa na wazo jingine, na nani angekuwa nalo?

Habari ilitutangulia, sijui kwa njia gani, labda wale wa ngalawa walituona. Tulipofika nyumbani kwa dada uani pamejaa wanawake, mikeka imetandikwa, sufuria kubwa liko mekoni. Dada alikuwa ndani, kajifunika kanga, analia kilio cha taratibu, kilio ambacho mtu amekiweka muda mrefu. Nitasema ukweli, kilikuwa na nafuu ndani yake. Nikamfikia nikachuchumaa. Bibi alikuwa pembeni yake, tasbihi mkononi, macho makavu. Nahodha akasimama mlangoni.

Nilitaka kumficha zile habari za matundu. Lakini aliniuliza, "Alizama kwa nini, mdogo wangu? Bahari haikuchafuka siku ile." Mie sijui kumdanganya dada yangu. Nikamwambia nati zilifunguliwa, nikamwambia mawe, nikamwambia nahodha alivyosema.

Jamani, kile kilio! Alijitupa chini, kichwa kikagonga sakafu. "Wamemchinja! Wamemchinja kama kuku, mie niko hapa napika! Aliniita mie sikumsikia!" Wanawake wakaja mbio kumshika, wakashindwa. Anakwaruza saruji kwa kucha, kucha zinatoka damu. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote naye ananitupa. Sijawahi kuona mtu anaumia namna ile, na mie ndiye niliyemletea.

"Nyamaza, mwanangu," bibi akasema.

Dada hakusikia.

"Nyamaza! Hajauawa. Hakuna aliyemgusa."

Nikageuka. Nikasema, kwa adabu, nikidhani uchungu umempanda kichwani, "Bibi, boti tumeikuta. Iko chini ya maji."

"Naijua iliko," akasema bibi. "Aliizamisha mwenyewe."

Lahaula! Hata mwanamke aliyekuwa anakoroga sufuria uani aliacha. Dada akainuka polepole, nywele zimetimka, damu kwenye vidole. Alimtazama mama mkwe wake bila kupepesa.

Bibi alieleza yote, macho yake yako kwenye tasbihi. Siku zile maneno yalikuwa yamezagaa kwamba vyombo vyote vya watu vitaingizwa kijijini viwe vya ushirika. Shemeji hakutaka kutoa mashine yake. Akapatana na watu wa Mombasa wenye chombo, wakaihamisha mashine baharini, akazamisha mbao ili aonekane kafa, asiulizwe na mtu. Alikuja kumuaga mama yake jikoni, dada akiwa kisimani. Alisema mkewe atamwita, akishatulia.

"Nikasubiri amwite," bibi akasema. "Baadaye watu wa Mombasa wakaniletea salamu zake. Kaoa. Ana watoto."

"Lini?" Dada aliuliza hilo tu.

"Zamani."

Nilihisi kumrukia yule bibi kizee, Mungu anisamehe. Nilisimama. Miaka yote ile! Maji ya moto, sukari ya foleni, miguu iliyokandwa, na yule seremala anayehesabiwa haramu, na kila Alhamisi dada anamsomea Yasini mtu aliye mzima wa afya, anakula wali wake Mombasa! Nikamfokea, "Kwa nini? Umekula mikononi mwake, umenyamaza, kwa nini?" Nahodha akanishika mkono.

Bibi alimgeukia dada, na kwa mara ya kwanza tasbihi ikamtoka mkononi.

"Ungejua, ungeolewa uende zako Tabata. Na mimi ningebaki na nani?"

Dada alijifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na wanawake wote mle ndani walikuwa wanalingoja.

"Mama," akasema mwisho, "ningekuchukua twende wote."