Matofali ya Kipimo cha Bula Matari

Mume wangu aliacha kazi ya mgodi kule Kolwezi miaka michache kabla ya Uhuru, kifua kilipokuwa kimemshinda. Alikuwa akitoboa mawe kwa mashine kule shimoni, na vumbi lile lilimwingia mpaka akawa hawezi kupanda kile kilima kidogo cha kwenda nyumbani bila kusimama katikati na kushika magoti. Daktari alimwambia apumzike. Lakini katika kambi ya wafanyakazi hakuna mtu aliyepumzika. Nyumba ilikuwa ya kazi, posho ya unga na samaki wadogo wa ndagala ilikuwa ya kazi, hata kuni zilizoletwa na lori zilikuwa za kazi. Siku alipoacha, tuliambiwa tutoe vitu vyetu. Tukahamia siti, mtaa wa watu weusi nje ya kambi, kwenye lupango, kiwanja chenye kichuguu kirefu kuliko nyumba zote za jirani.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kwa treni akiwa bado hajaota ndevu, akaoa, akazaa, na sisi watoto wake tulikua tukichota maji bombani. Huko siti maji yalikuwa kwenye kijito, bondeni, na njia ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Wiki za kwanza nililia kila asubuhi nikiwa njiani, kwa sababu njiani hakuna aliyeniuliza nalilia nini.

Kichuguu kile ndicho kilichotulisha. Udongo wa kichuguu unashikana vizuri, na watu wa siti walikuwa wameanza kuchoka na nyumba za udongo na nyasi. Mume wangu alichonga kalibu ya mbao, akaanza kufyatua matofali akiwa amekaa chini, maana kuinama kulimkata pumzi. Aliajiri wanaume wawili waliofika kutoka Kasaji kutafuta kazi ya mgodi na kukataliwa. Tanuri alijengewa na mzee mmoja Mulunda, mtu wa pande za Musumba, aliyekuwa akipita siti yote akijenga matanuri ya watu na kulala pale pale kazi ilipomkuta. Maji tulileta sisi wanawake: mimi, na mjane mmoja aliyekaa ng'ambo ya barabara na binti yake aliyekwisha kuachika. Jioni mume wangu aliwapa hao wawili unga au chumvi, wakaenda kupika. Hakuna aliyeita kitu kile mshahara.

Wakati huo Bula Matari, kama tulivyoiita serikali, ilikuwa imeanza kusema habari ya mtu mweusi mwenye kazi yake mwenyewe. Wanaume waliitwa kwenye uwanja wa ofisi, na bwana mmoja kijana, Mbelgiji, akasimama kwenye ngazi akasema, na karani akawageuzia maneno kwa Kiswahili. Mume wangu alirudi akanieleza yote tukiwa tunakula bukari, ugali wetu, polepole, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa. Serikali inataka mafundi weusi wenye karakana, wenye vinu, wenye matofali. Itawashika mkono. Itawapa vyombo, na itanunua kazi yao, ilimradi kazi hiyo iwe na kipimo kimoja na uzuri ule ule kama wa wazungu.

Nilimuuliza kama aliamini. Akasema hajui, lakini mkono ukinyooshwa mbele yako utaufanyaje.

Yule bwana kijana alikuja kweli. Alikuja na gari lake mpaka lupangoni, akamsalimu mume wangu kwa mkono, jambo ambalo majirani walilizungumza mwezi mzima. Alileta kalibu za chuma na gari la kusukuma la magurudumu mawili, vyote vya kuazima. Alitufundisha namna matofali yatakavyojaribiwa: ukigonga moja kwa jingine, yalie; ukiangusha moja kutoka begani, lisivunjike; na yote yawe na urefu mmoja, ule ulioandikwa kwenye karatasi yake. Yakikubaliwa, yatajenga darasa jipya la shule. Mume wangu alishika kalibu ile ya chuma, akaipima kwa kiganja, akasema kwa heshima kwamba udongo hunywea ukikauka, na motoni hunywea tena. Tofali la kalibu hii litatoka dogo kuliko la karatasi. Karani aligeuza maneno. Bwana akacheka bila dharau, akasema upana wa kidole hauwezi kuangusha shule.

Sikumchukia mtu yule. Nasema hivi kwa sababu watoto wangu, wakisikia habari hii, hutaka nimchukie.

Kiangazi chote tulifanya kazi. Asubuhi za kiangazi kule kwetu zina baridi kali. Maji ya kijito yalikuwa yanauma vidole mpaka kwenye mifupa, na mgodini, wakati wa kulipua mawe, ardhi ilitikisika na matofali mabichi yakapasuka mengine kabla hata hayajakauka. Tuliyaponda, tukayalowesha, tukaanza tena.

Kisha akaja mzungu wa pili. Huyu hakuwa wa matofali. Alikuwa wa kazi na mishahara. Alivaa miwani na alionekana amechoka kuliko sisi. Kupitia karani yule yule alieleza kwamba sasa kuna sheria: mwajiri awe mweupe au mweusi, hana ruhusa ya kumlipa mtu chini ya kile kilichowekwa, na juu yake posho, na blanketi, na malipo kila mwezi, si kila tanuri likiisha. Wale wanaume wa Kasaji walisimama wakasikiliza wakiwa na matope mpaka kwenye viwiko. Mmoja alitabasamu. Mzee Mulunda alikasirika kidogo. Alisema yeye analipwa kwa tanuri tangu ujana wake, na mwezi ni kitu cha nani? Wakamwacha.

Sheria ile ilikuwa nzuri. Mume wangu mwenyewe alisema hivyo, kwa sababu alijua alivyolipwa mgodini wakati mzungu aliyesimama karibu naye, akishika mashine ile ile, alikuwa na nyumba ya madirisha ya kioo. Lakini bei ya matofali nayo ilikuwa imewekwa na serikali, na haikupanda.

Walipokuwa wanaondoka, mjane alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani. Hakuitua. Alisimama mbele ya karani, akamwita baba kwa heshima, akamuuliza:

"Tata, kuleta maji, ile haiko kazi?"

Karani hakumgeuzia yule mzungu neno lile. Alijibu mwenyewe kwamba sheria inasema habari ya wafanyakazi, na sisi ni banamuke ba mu lupango tu, wanawake wa nyumbani. Mjane akaendelea na njia yake. Maji yalikuwa yanamchuruzika shingoni.

Mwisho wa mwezi ule mume wangu alilipa kama sheria ilivyotaka, akitoa akiba yake ya mgodini. Mwezi uliofuata alimwachisha kazi mmoja wa wale wanaume, yule aliyetabasamu. Alimwambia akiwa ameangalia chini. Mtu yule hakubishana. Alifunga blanketi lake jipya akaenda stesheni kungoja treni ya Kasaji. Kazi yake ikabaki, na kazi haikai bila mtu. Polepole, bila amri yoyote, ikaja kwetu. Kwanza tulisaidia kukanyaga matope. Halafu kubeba matofali mabichi kuyapanga kivulini. Mwishowe binti wa mjane alikuwa anafyatua kwa kalibu ya chuma kama mwanaume, na jioni anarudi kwao na kikombe chake cha chumvi.

Sikumbuki ni nani kati yetu aliyelianzisha jambo lililofuata. Nadhani hatukulizungumza. Asubuhi moja tulishuka kijitoni, tukapanda na ndoo tupu, tukazipindua lupangoni tukazikalia. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Yule mwanaume wa Kasaji aliyebaki alisimama na jembe lake akingoja maji ya kulowesha udongo, na maji hayakuja. Mume wangu akatoka nyuma ya tanuri.

"Maji iko wapi?"

"Iko mu kijito, tata," mjane akasema.

"Munataka nini?"

"Tunataka kile ulikuwa unamupa ule mwanaume."

Alinitazama mimi. Nilikuwa mwisho, karibu na mlango wa jiko, na ndoo niliyokalia ilikuwa ile tuliyopewa siku ya harusi.

"Na weye pia?"

"Na mi pia."

Alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kirefu, cha kumkunja, na siku zote nilizoea kuinuka nimletee maji ya moto. Siku ile sikuinuka. Sikujua kama nafanya vizuri, na hata leo sijui. Najua tu kwamba nilibaki juu ya ndoo yangu. Kikohozi kilipokwisha alijipangusa mdomo, akakaa juu ya rundo la matofali mabichi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyakalia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba akitulipa vile, na bei ikibaki vile, tutakula pesa ya darasa lile kabla halijajengwa. Mjane akamwambia kwamba amemsikia. Juu ya ndoo hakuondoka.

Basi akakubali. Mwezi ule tulilipwa. Alituita mmoja mmoja kama mgodini, mimi nikiwa wa mwisho, akaniwekea mkononi. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na tulikuwa hatujui tutazamane vipi. Mimi nilinunua kitambaa, na sabuni ile ya harufu. Binti wa mjane alinunua viatu akavivaa nyumbani tu.

Mwezi ule haukupata mwenzake.

Tanuri lilipopoa, yule bwana kijana hakuwa tena Kolwezi. Walisema amerudi kwao kwa likizo, wengine walisema amepelekwa Kisenge. Alikuja mwingine, mtu mzima, mwenye rula ya chuma ya kupimia. Aligonga matofali, yakalia. Aliangusha moja kutoka begani, likabaki zima, nalo alilitazama kwa muda kama limempendeza. Kisha akapima urefu. Akapima jingine, na jingine. Yote yalikuwa mafupi kwa kidole.

Mume wangu alieleza habari ya kalibu. Alieleza habari ya udongo, na aliyosema bwana wa kwanza. Karani aligeuza, na safari hii aligeuza kwa bidii, akaongeza na ya kwake; niliona anatusaidia. Bwana mpya alisikiliza mpaka mwisho. Jibu lake lilikuwa fupi: hana karatasi ya maneno hayo, na darasa la shule haliwezi kuchanganya vipimo viwili ukutani. Darasa lingejengwa kwa matofali ya mashine ya tajiri mmoja mzungu. Akasema matofali yetu ni mazuri. Ndiyo maneno yaliyomchosha mume wangu kuliko yote.

Alikwenda ofisini mara nyingi. Alivaa shati lake la kanisani, akakaa kwenye benchi la varanda pamoja na wengine waliokuja na mambo yao, akarudi mchana ukiwa umekwisha. Sikumuuliza tena walisema nini. Nilimwekea chakula, akala kidogo. Kisha siku moja hakuvaa lile shati, na nikajua.

Watu wawili wa ofisi walikuja kuchukua kalibu za chuma na gari la kusukuma. Walikuwa wapole. Mmoja wao aliuliza kama anaweza kununua matofali ya kujengea jiko la mama yake.

Hivyo ndivyo yalivyoondoka, jiko kwa jiko, chumba kwa chumba. Watu wa siti hawakupima kidole. Lakini walilipa walipoweza, na mwisho wa mwezi mume wangu hakuwa na kitu cha kutuwekea mkononi. Aliwaita mjane na binti yake akawaambia waziwazi. Akawaambia wachague wenyewe matofali, yale yaliyoiva vizuri katikati ya tanuri, wachukue thamani ya kazi yao. Nilidhani mjane atakasirika. Alizunguka rundo lile asubuhi nzima, akigonga na kusikiliza, kisha wakaanza kuyavusha barabara kwa kichwa. Waliendelea mpaka mvua zilipokaribia. Wakajenga chumba kimoja na kibaraza, na mzee Mulunda aliwasaidia kuta, wao wakampikia.

Yule mwanaume wa Kasaji alipata kazi ya kupakia mabehewa. Mume wangu akawa zamu, mlinzi, kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja mjini. Ilikuwa kazi ya kukaa, na alihitaji kukaa. Alilipwa kile kilichowekwa na sheria, kamili, na hakukisifu wala kukilalamikia.

Uhuru ukaja, wazungu wengi wakaondoka kwa haraka, na ofisi ile ikapata watu wetu. Mmoja wao alisimama kwenye ngazi zile zile akaeleza kwamba serikali itawashika mkono mafundi, kazi ikiwa na kipimo. Mume wangu alikwenda kusikiliza kwa sababu kila mtu alikwenda. Aliporudi nilimuuliza walisema nini.

"Maneno ya muzuri," akasema. Akavua viatu, akaomba alale kidogo kabla ya zamu yake.

Nilimrudishia mlango jua lisimpige, nikatoka nje. Binti wa mjane alikuwa ameniletea maji, kwa sababu mtu wa nyuma ya soko alitaka sisi wanawake tumfyatulie matofali ya chumba cha mke wake wa pili kwa ile kalibu ya mbao, na udongo ulikuwa umelowa tangu asubuhi. Tukakunja nguo zetu tukaingia kuukanyaga.