Barua za Mtu Asiyesema Uongo

Mume wangu alirudi Unguja mwishoni mwa mwaka ule wa Mapinduzi, wakati kila mwenye njia ya kuondoka alikuwa akiondoka. Alikuwa Ulaya miaka mitano akisoma falsafa. Jamaa walimwandikia abaki huko huko. Yeye akasema mama yake yuko peke yake na mdogo wake hajamaliza skuli, akapanda meli. Tulioana mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa mwalimu katika skuli ya wasichana, na posa ilikuja kwa njia ya kawaida, watu wazima wakazungumza na watu wazima.

Siku za mwanzo majirani zetu wa Mkunazini walimwita daktari, kwa kuwa walisikia amesoma sana. Bibi mmoja wa nyumba ya pili alikuja na goti lililovimba. Mume wangu alimkalisha kitako, akamweleza kwa heshima kwamba yeye si daktari wa maradhi, amesomea fikra za watu. Bibi akamgeukia mama mkwe wangu.

"Masikini," alisema. "Na miaka yote hiyo?"

Kazi ya hayo aliyoyasomea haikuwapo. Alipewa kufundisha Kiingereza na historia katika skuli moja ya sekondari, kisha akaondolewa historia, akabaki na Kiingereza. Hakulalamika. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwadanganya. Jambo asilolijua alisema halijui, mbele ya darasa zima. Akimwadhibu mtoto asiye na kosa alimwomba radhi, na wenziwe wakisikia. Hilo lilikuwa jambo geni, likampa jina. Pakitokea ubishi mtaani watu walisema, "Kamuulizeni mwalimu, yule hasemi uongo."

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine. Alitaka kuandika kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya misingi ya falsafa ya Magharibi, tangu Wayunani wa kale, ili kijana wa Unguja asilazimike kuvuka bahari kuyajua mambo yale. Alasiri tulikaa ukumbi wa juu. Mimi nilichambua mchele au nilisahihisha madaftari, yeye akisema, na mdogo wake akiandika. Shemeji yangu huyo alikwishamaliza skuli, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, karani bandarini, mcheshi, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya kaka yake.

"Msingi wa kwanza," mume wangu alisema siku moja. "Kitu hakiwezi kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja."

"Sukari yaweza," alisema shemeji. "Ukimjua mwenye duka ipo. Usipomjua haipo."

Mume wangu alicheka mpaka akavua miwani.

Neno lililomtesa kuliko yote lilikuwa "kuwa". Wazungu, alisema, wamebishana juu ya neno hilo miaka elfu mbili na zaidi: nini maana ya kitu kuwa? Alijaribu kulieleza kwa Kiswahili, akakwama wiki nzima.

"Sisi twasema 'mama mgonjwa', basi, tumemaliza," nilimwambia. "Hilo neno lenyewe hata hatulitamki."

Akamwambia mdogo wake aandike hayo niliyosema. Nilifurahi kupita kiasi. Sikuwahi kuandikwa mahali. Nikizirudia alasiri zile leo naziona zilikuwa chache mno, ingawa wakati ule nilidhani ndivyo tutakavyoishi.

Wakati huo kutoka kisiwani kulihitaji kibali, na shemeji alikiomba mara tatu asijibiwe. Hakutuambia kwamba amechoka kungoja. Yeye na rafiki zake wawili walipatana na mvuvi mmoja wa upande wa Paje awavushe kwa siri mpaka bara. Mmoja wao alikamatwa kabla hawajaondoka. Shemeji alitufikia asubuhi, pindo za suruali yake zimejaa mchanga, akatueleza yote kwa pumzi moja.

Mume wangu hakumgombeza. Alimpeleka kwenye chumba cha stoo, juu kabisa, penye majamvi ya zamani.

"Kaa hapa mpaka tufikiri," alimwambia.

Tulifikiri siku moja na nusu. Kesho yake baada ya sala ya alasiri tulisikia hodi. Mama mkwe alikuwa msibani mtaa wa Malindi tangu juzi, tulikuwa wawili tu chini. Walikuja wanaume wawili. Mmoja simjui. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa zamani wa mume wangu, kijana aliyewahi kula kwetu Idi mbili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba."

"Tunamtafuta mdogo wako. Tuna maneno naye kidogo."

Nilijibu mimi. "Hayupo. Kenda Makunduchi kwa wazee wangu, tangu Jumatatu." Sauti yangu ilitoka vizuri hata nikajistaajabia. Yule nisiyemjua alikubali, akageuka atoke. Lakini yule kijana hakusogea.

"Samahani, mama," aliniambia. "Nataka kusikia kwa mwalimu mwenyewe." Akamtazama. "Mwalimu, ni kweli?"

Mume wangu alifungua kinywa. Alinitazama mimi, akamtazama yule kijana, kisha akatazama sakafu. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Muuza kahawa alipita uchochoroni akigonganisha vikombe vyake, tukamsikia mpaka akafika mwisho wa mtaa, na mume wangu bado hajasema neno.

"Ahsante, mwalimu," alisema yule kijana. Alisema kwa adabu, na naamini adabu ile ilikuwa ya kweli. Kisha akaanza kupanda ngazi.

Shemeji hakungoja kuburutwa. Aliteremka mwenyewe, viatu mkononi. Alivivaa pale kizingitini, akafunga kamba taratibu. Kaka yake hakumtazama.

"Shemeji," aliniambia, "mama asijue."

Walipokwishaondoka nilifunga mlango. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Neno moja tu. Ulitakiwa useme 'kweli', basi."

Alijibu kwa sauti ya darasani, labda hakuwa na nyingine. Alisema palikuwa na Mjerumani mmoja zamani aliyefundisha kwamba uongo haufai kabisa, hata akija muuaji mlangoni kumuulizia rafiki yako. Kwani uongo ukiruhusiwa kwa mmoja umeruhusiwa kwa wote, na wote wakisema uongo, maneno yenyewe yanakufa.

"Nilipokuwa mwanafunzi nilimcheka mtu huyo," alisema. "Niliandika kurasa nyingi kumpinga, wakanisifu."

"Basi?"

"Basi ulimi haukunyanyuka."

"Huyo Mjerumani alikuwa na ndugu?"

Nilitaka kumuumiza. Yeye alilichukua kuwa ni swali, akafikiri. "Alikuwa nao," alisema. "Hawakuwa wakionana sana."

Kabla ya magharibi mama mkwe alirudi kutoka msibani, amefunga mkate wa kumimina katika kitambaa kwa ajili ya mwanawe mdogo. Akauliza yuko wapi. Nilikuwa bado natafuta la kusema.

"Kapata kazi Dar es Salaam, mama," alisema mume wangu. "Imetokea ghafla. Kaondoka na meli ya mchana."

Hakusita hata kidogo. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini.

"Bila ya kuniaga?"

"Hakukukuta. Kasema ataandika."

Akaandika kweli. Mama mkwe alisoma Kurani, na barua za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu alizisoma pia, lakini herufi za Kizungu hakuzijua. Kila mwezi mume wangu alifunga mlango wa chumba chetu, akakaa na karatasi, kisha alasiri akapanda na bahasha mkononi akasema, "Mama, kuna barua." Akamsomea.

Zilikuwa barua nzuri. Ndani yake shemeji alipata chumba Kariakoo kwa bibi mmoja wa Kiunguja aliyejidai anajua kupika pweza, na pweza wake alitafunika kama mpira. Mkubwa wake wa kazi alikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akapenda kuwaonya makarani wasimame sawasawa. Alinunua suruali mbili. Aliugua kifua, akapona. Mzaha wote ulikuwa wa shemeji mwenyewe, mume wangu aliuiga hata mimi nikajisahau nikacheka, na nikishacheka nilitoka nikaenda kukaa uani.

Mama mkwe alijibu kila barua. Alisema, na mume wangu akaandika. "Mwambie asikae na nguo mbichi. Mwambie huyo bibi amchemshe pweza na kipande cha papai." Majibu yale mume wangu aliyaweka pamoja na zile barua, ndani ya boksi la viatu. Hatukujua pa kuyapeleka. Tulikwenda ofisi hii na ile kumuulizia shemeji, na kila tulipokwenda tuliambiwa tuende kwingine, mpaka mtu mmoja akatushauri kwa upole tusiulize tena.

Kitabu kilisimama. Alikuwa amefika kwenye sura ya ukweli. Mara moja nilimwona ameifungua, akaandika mstari, akaukata, akaandika juu yake ule ule mstari, akaukata tena. Baadaye karatasi zile zilihamia chini ya kitanda.

Mwaka wa pili miguu ya mama mkwe ilianza kuvimba, na pumzi zikawa fupi. Alianza kuuliza kwa nini mwanawe haji. Barua zikaahidi: atakuja baada ya Ramadhani. Kisha: mkubwa wake amemnyima ruhusa, atakuja Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi. Mama mwenyewe alitandika kitanda cha mwanawe, akakataa nimsaidie.

Siku aliyokufa ilikuwa Jumatano, asubuhi. Alimwomba mume wangu amsomee ile ya pweza. Akamsomea yote, sauti haikutetemeka, mpaka pale palipoandikwa, "Nisalimie mama, mwambie nnakuja." Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mama. Nilimchukia mume wangu saa ile na nilimhurumia, na hakuna kimoja kilichopunguza kingine.

Shemeji aliachiliwa miezi minne baada ya hapo. Hakuambiwa kwa nini ameachiliwa, kama ambavyo hakuambiwa rasmi kwa nini alishikwa. Aliingia adhuhuri, anachechemea, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii. Alitazama ukumbi, akatazama mlango wa chumba cha mama.

"Kalala?"

Nilimwambia mimi. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Shemeji alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Alijua?" aliuliza.

"Hakujua," nilisema. "Alidhani uko Dar es Salaam."

Mume wangu aliingia chumbani akarudi na lile boksi la viatu. Akaliweka mbele ya mdogo wake, akarudi nyuma hatua mbili. Shemeji alizisoma zote alasiri ile, moja baada ya moja, na majibu ya mama pia. Hakuna aliyekula. Alipomaliza alizipanga kama alivyozikuta, akafunga kifuniko.

"Umeandika vizuri, kaka," alisema. "Nilikuwa na maisha mazuri huko."

Nilimtazama nione kama anamkejeli. Hakuwa anakejeli. Alisema kama mtu anayemsifu fundi kwa kazi yake, kisha akauliza maji ya kuoga yako wapi.

Aliishi nasi baada ya hapo. Bandarini hawakumrudisha, akawa anatengeneza redio na pasi katika chumba cha chini, na watu walimpa kazi kwa kumwonea huruma. Kila asubuhi alimwambia mume wangu, "Shikamoo, kaka," na mume wangu alijibu, "Marahaba." Hakuna zaidi. Salamu ile mume wangu hakuiweza. Alianza kutoka nyumbani mapema, kabla mdogo wake hajaamka, akakaa skuli peke yake kungoja kengele. Mara moja nilimsikia amejaribu. "Siku ile mlangoni," alisema, na shemeji akageuza kichwa, likamwelekea lile sikio bovu. Sijui kama alifanya kusudi. Mume wangu hakurudia.

Skuli nako alibadilika. Mwanafunzi wake mmoja, binti wa jirani, aliniambia kuwa mwalimu siku hizi akiulizwa asilolijua hujibu tu chochote. Yule kijana aliyekuja mlangoni tulikutana naye Darajani zaidi ya mara moja. Kila mara alimwamkia mume wangu kwa kuinama kidogo, na kila mara mume wangu aliitikia.

Kisha ikaja miaka ya shida ya chakula, mchele ukawa hadithi, tukawa tunapanga foleni ya unga tangu asubuhi. Siku moja tulikuwa tunamenya muhogo pamoja ukumbini, mimi na mume wangu, nikaona siwezi kukaa tena na swali langu.

"Nambie kimoja," nilisema. "Wewe ndiye uliyesoma. Kosa lilikuwa lipi? Kunyamaza mlangoni, au barua? Nambie lipi, nijue la kukusamehe."

Alitia kipande alichomenya katika sufuria.

"Nilidhani nitajua baadaye," alisema. "Nilingoja. Sijui. Na katika yote niliyoyasoma sidhani kama kuna mtu aliyejua."

"Basi ulisoma nini?"

Hakukasirika. Aliokota muhogo mwingine, akauchana ganda. Kutoka chini shemeji aliniita, akasema foleni imeanza kusogea na mwanamke aliyenishikia nafasi ananitafuta. Nikajifuta mikono, nikachukua kikapu, nikateremka.