Pazia la Dirisha la Ng'ambo

Mama Pazia alikuwa na fleti ng'ambo. Haikuwa yake bado, na ndege yenyewe hajawahi kuipanda, lakini kila alipokanyaga cherehani mguu ulikuwa huku na mwenyewe yuko kule, anatembea peku kwenye sakafu ya mbao, bila haraka. Alijua kwamba jua la asubuhi linaanzia jikoni. Alijua ukitoka chumbani unapita mlango mwembamba, unakata kushoto, unaingia sebuleni, na hapo unalikuta dirisha refu linaloanzia karibu na sakafu. Nje ya dirisha kuna miti, na nyuma ya miti kuna maji. Kama ni bahari au ziwa picha haikusema, naye hakuuliza. Aliyapenda hivyo hivyo.

Picha alipewa na dalali, kijana mwenye shati lililonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Alikuja kushonesha mapazia ya ofisi, akaondoka na mteja. Alieleza kwamba siku hizi watu wa kawaida kabisa wananunua fleti nchi za mbali, wanapangisha, na kila mwezi kodi inaingia kwa fedha ya kule, yenye nguvu. Mama Pazia aliendelea kukunja kitambaa kama vile hasikii. Moyoni alikuwa ameshavua viatu mlangoni kwa watu.

Usimwone mjinga. Macho yalikuwa yanamtupa. Kutunga uzi kwenye sindano, kazi aliyokuwa akiifanya huku anapiga soga, sasa ilimfanya auweke uzi mdomoni mara tatu na kulaani kimoyomoyo. Mumewe alikuwa anatengeneza saa kwenye kona ya pili ya chumba hicho hicho cha kazi, na watu walimwita Mzee Dakika kwa sababu ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, anakujibu, "Dakika tu," kisha unarudi wiki ijayo. Naye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Walikuwa na akiba ya ujana mzima, na hakuna kingine.

"Cherehani hailipi mtu aliyelala, mzee," alimwambia. "Tukishindwa kazi tutakula nini?"

"Na bomba la maji likipasuka kule, nani ataenda? Wewe na futi kamba yako?"

"Kuna kampuni ya kusimamia."

"Hiyo kampuni inakula hewa?"

"Inakata chake, sisi tunabaki na chetu."

"Na fedha yao ikishuka? Na mpangaji akihama, nyumba ikae tupu? Kodi za serikali, ya kule na ya huku? Mama, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na mkewe hakumkasirikia. Walimlipa mwanasheria akachungulia hati, zikaonekana safi. Walimbana dalali kuhusu kodi, akajibu yote bila kujikuna kichwa. Wiki zikapita, kila mmoja kwenye kona yake, cherehani inanguruma na saa zinagonga. Kisha siku moja mchana mzee akatoa jichoni ile lenzi yake ya kuchungulia saa, akasema kama mtu anayejisemea, "Hivi pale sebuleni, saa ya ukutani ingekaa upande gani?"

Mama Pazia akainamisha uso asionekane anacheka. Alijua ameshinda.

Kitu ambacho hakumwambia mumewe ni kwamba mapazia alikuwa ameshayashona. Alichukua vipimo kwenye ramani ya fleti, akachagua kitambaa cha rangi ya maziwa ambacho alikuwa akikimezea mate tangu kiingie dukani, akakikata. Kichekesho ni kwamba fleti ilikuwa ya kupangisha. Kadiri ambavyo ingewalipa vizuri, ndivyo yeye asingelala humo hata usiku mmoja. Hilo alilijua, akalisukuma pembeni.

Wateja wake wote walijua jambo moja kuhusu mapazia yake: upindo wa chini ni mpana kupita kiasi, karibu kiganja kizima. Wengine walinung'unika kuwa anawamalizia kitambaa. Hakuwaeleza. Alijifunza kwa mama yake, mwanamke aliyehamishwa nyumba moja baada ya nyingine na watoto wakimfuata na masufuria kichwani. Kila mwenye nyumba alipobisha hodi na ile sura ya kutaka chumba chake, mama alianza kwa kushusha pazia. Kule walikokwenda, dirisha likiwa refu zaidi, alifumua upindo, pazia likarefuka. Kwa hiyo Mama Pazia naye alimwachia kila mteja upindo wa kuhama nao, hata tajiri mwenye jumba lake.

Mapazia ya ng'ambo tu ndiyo aliyapinda upindo mwembamba kama uzi. Hayo hayakuwa ya kuhama. Aliyakunja, akayapandisha rafu ya juu kabisa, na kila yalipomjia akilini alifurahi kama mtoto.

Siku ya kutia sahihi dalali alikuja na simu kubwa, akaisimamisha juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mwenzake aliyekuwa kule, mwanamke mchangamfu, alikuwa amesimama ndani ya fleti yenyewe, tayari kuwazungusha.

"Karibuni nyumbani," alisema.

Mama Pazia alishika futi kamba shingoni. "Mwanangu, nioneshe lile dirisha refu. Nataka kuhakikisha kipimo."

Simu ya yule mwanamke ikapita mlango mwembamba, ikakata kushoto. Kila kitu kilikuwa kama alivyokijua. Dirisha likatokea. Lilikuwa limezibwa kwa shuka kuukuu lililobanwa na vibanio vya nguo. Ndipo mlango wa chumbani ukasikika, na bibi mmoja akatoka, peku, akipapasa nywele zake kwa haya. Akatembea mpaka dirishani, akafungua vibanio viwili ili wageni waone vizuri. Njia aliyoipita ndiyo ile ile. Alipomaliza akaangalia simu na kusema maneno kwa lugha yake.

"Anasemaje?" Mama Pazia aliuliza.

Yule mwanamke mwenye simu akatafsiri. "Anauliza kama mwenye nyumba mpya atamwacha abaki."

Dalali akaingilia haraka. "Hilo lisikusumbue mama. Kisheria hana neno, anapewa notisi anatoka. Kodi yake ni ya kizamani. Hesabu yetu yote tulipiga kwa mpangaji mpya."

"Na huyu akibaki?"

"Akibaki, kodi yake italiwa na kampuni na serikali, nyinyi mtabaki na picha."

"Muulizeni amekaa humo tangu lini."

Swali likaenda, jibu likarudi. "Anasema watoto wake wote walijifunzia kutembea humo."

Mama Pazia alimtazama bibi, na bibi, asiyemwona vizuri kwenye kioo cha simu, alikuwa anatabasamu tu na vibanio vyake mkononi. Sura ile aliijua. Aliwahi kuiona akiwa na sufuria kichwani, mama yake akiwatabasamia watu mlangoni hivyo hivyo.

"Sinunui," alisema.

Mzee Dakika aligeuka. "Unasemaje?"

"Mama," dalali alisema kwa upole wa kweli, "usiponunua wewe, wiki ijayo atanunua mwingine. Bibi atatoka tu."

"Najua, baba. Niandikie anwani yake."

Dalali aliandika, akatikisa kichwa, akafunga simu yake na kuaga.

"Kwa hiyo tutazeeka na nini?" Mzee Dakika aliuliza. "Mimi nilikuwa sitaki, ukanifanya nitake. Sasa niambie, tutazeeka na nini?"

"Sijui, mzee."

Ilimuuma kusema hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Alipanda kwenye kiti, akayashusha mapazia kutoka rafuni. Mumewe aliyaona kwa mara ya kwanza, akaelewa. Mama Pazia aliyatandaza mezani, akafumua ule upindo mwembamba, akakata vipande virefu vya kitambaa kilichobaki ili aviunge chini. Kuunga alitaka kwa mkono, mshono usionekane. Akauweka uzi mdomoni, akakosa tundu. Akakosa tena.

Mzee Dakika aliinuka kwenye kona yake akiwa bado amenuna, akamnyang'anya sindano, akavaa lenzi, akaitunga kwa mikono inayotetemeka, akamrudishia.

"Upindo wa kiasi gani?" aliuliza.

"Mpana sana," alisema Mama Pazia. "Sijui huko aendako dirisha lina urefu gani."