Viunzi vya Zege

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, Mwalimu Sostenes hupita uwanjani kutikisa viunzi vya mbio za kuruka. Huanza na kile cha kwanza, karibu na choo cha wavulana. Hukishika kwa mikono miwili kama mtu anayemwamsha mlevi, akakisukuma, akakivuta. Kisipocheza, husogea kwenye kinachofuata. Wanafunzi wanaofagia wamemzoea. Walimu wenzake husema anasalimia wanawe.

Viunzi havichezi kwa sababu miguu yake imezama kwenye zege. Alivichimbia yeye na Akida, fundi wa kuchomelea wa Nyasubi. Vya mbao vililiwa na mchwa. Vya chuma vilivyofuata havikumaliza muhula. Vilibebwa usiku vikaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, kama yalivyobebwa magoli ya mpira na ringi ya lori iliyokuwa kengele ya shule. Sostenes alijua fika kwamba kiunzi hutengenezwa ili kianguke kikiguswa. Ndivyo alivyofundishwa chuoni. Lakini alikuwa amechoka kufundisha watoto kuruka mistari ya majivu, akamwambia Akida amwage zege.

Watoto wengi walijaribu mara moja, wakaondoka wakichechemea. Aliyebaki ni Maige, kijana wa Samuye aliyekua akiruka ua wa miiba wa zizi la baba yake. Naye alijigonga, akashonwa ugokoni, akarudi. Tangu hapo akawa anapita juu, juu sana, magoti kifuani. Kati ya kiunzi na kiunzi miguu yake ilikuwa na kasi ambayo mkoa mzima haukuwa nayo, kwa hiyo hakuna aliyeona kasoro. Alishinda Shinyanga, akashinda kanda, akaitwa timu ya taifa ya vijana, akapanda ndege kwenda kwenye mashindano ya kimataifa.

Siku ya mchujo walimu wote walijazana ofisini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Bastola ilipolia, Maige alikifikia kiunzi cha kwanza mbele ya wote, na mwalimu wa hesabu akapiga meza. Kisha vijana wale wengine wakaanza kupita chini chini, wengine wakivigonga viunzi kwa kisigino, vikalala nyuma yao wala wasigeuke. Maige alikuwa anapaa. Kila alipotua, wenzake walikuwa wameshaondoka. Alimaliza wa mwisho, na njia yake ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki na viunzi vyote vimesimama.

Mkuu wa shule, Mwalimu Bernadina, alisema maskini mtoto alitishwa na umati. Wengine wakakubali. Chai ya Sostenes ilipoa mkononi.

Maige aliporudi, madereva wa bodaboda walimpa jina la Kanguru. Akipita, walimwomba aruke dimbwi wamwone. Alivumilia hadi alipomkuta mwalimu wake uwanjani.

“Mwalimu, kule vinaanguka,” alisema. “Wenzangu walikuwa wanakimbia. Mimi nilikuwa peke yangu hewani.”

Sostenes alimwambia anajua.

“Basi nipatie hata kimoja kinachoanguka.”

Mwaka ulikuwa unaelekea mwisho, na mwaka huo ukiisha Maige angekuwa amevuka umri wa vijana. Mchujo wa mwisho wa timu ya taifa ya vijana ungefanyika Mwanza, baada ya wiki chache. Sostenes alikwenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kuvunja zege. Mkuu alimjibu kwamba viunzi ni mali ya shule, lazima bodi ikae. Na hata vikivunjwa, stoo imejaa mahindi ya wanafunzi, vitalala wapi? Mwenyekiti wa bodi alikuwa shambani kwake kwenye mpunga. Alisubiriwa wiki nzima. Alipopatikana, akasema suala lisubiri kikao cha kawaida.

Jumapili baada ya misa, Sostenes aliazima nyundo kubwa kwa Akida akakivunjia zege kiunzi kimoja, jasho likimtiririka, akimtukana kimoyomoyo kila mjumbe wa bodi. Akida akakichomelea miguu mipya. Kila jioni mwalimu alikibeba begani hadi nyumbani, akikatiza sokoni, na wauza nyanya wakimuuliza kama kitanda chake bado hakijapata mteja.

Kiunzi kilikuwa tayari. Maige ndiye hakuwa tayari. Bado alipaa. Sostenes alimwamuru akigonge kwa makusudi. Akakigonga, kikaanguka, naye akasimama papo hapo, akageuka, akakiinua na kukipangusa vumbi. Akaambiwa arudie, asisimame. Akasimama tena. Alisema kichwa kinaelewa, ila mguu unakataa. Siku zikaenda hivyo, mwalimu akipaza sauti, kijana akiuma meno, na Mwanza ikikaribia.

Halafu jioni moja alikigonga na hakusimama. Alikimbia hadi ukingo wa uwanja, akarudi akicheka kama mtu aliyeponea chupuchupu. Sostenes alilala usingizi mzuri.

Kesho yake walimu waliitwa kwenye kikao cha mitihani ghafla, mchana kweupe, naye akakiacha kiunzi uwanjani. Kikao kilipokwisha alikuta alama za miguu ya kiunzi kwenye vumbi, basi. Alizunguka kwa wanunuzi wote wa vyuma chakavu hadi jua likazama. Hakuna aliyekiona. Maige alipopewa habari hakukasirika. Alikwenda upande wa Bulyanhulu kubeba wachimbaji kwa pikipiki, na mchujo wa Mwanza ukapita bila yeye.

Muhula mpya ulipofunguliwa, mama yake Maige, Mbuke, alifika kutoka Samuye akiwa na Edward, mdogo wake Maige, anayeanza kidato cha kwanza. Alimkuta Sostenes uwanjani, mikono ikiwa juu ya chuma.

“Mwangaluka, Mwalimu,” mama alimsalimia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu,” Sostenes alimwitikia mama huyo.

Sostenes alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Mama hakumlaumu. Alisema Maige hajambo, anatuma salamu, hataki kusikia habari za mbio. Alisema na huyu mdogo naye ameanza kuruka ua wa zizi, amemkanya hasikii. Alikisogelea kiunzi, akakisukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Hakikucheza. Alitazama safu nzima hadi mwisho, pale kwenye pengo lenye mabonge ya zege, kisha akamgeukia.

“Huyu utamfundishia kwenye viunzi vipi?”

“Hivi hivi, mayu,” alisema Sostenes. “Sina vingine.”