Kikombe cha Mzee Isakwisa

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Blandina alikuwa anatikisa kibuyu karibu na sikio. Akisikia maziwa yanagonga kwa uzito, anajua yameshika. Anamimina mtindi kwenye ndoo ya kuuzia, lakini haumalizi. Anaacha masalia kidogo chini ya kibuyu, halafu anajazia maziwa mapya juu yake. Masalia hayo ndiyo yanayoyafundisha maziwa mabichi kuganda. Kikombe cha kwanza hakiuzwi. Ni cha baba yake, Mzee Isakwisa, aliyefanya kazi relini mpaka akastaafu. Mzee hukipokea kwa mikono miwili, anakunywa mpaka masharubu yanakuwa meupe, kisha anashukuru na kuuliza:

"Ndaga, mama. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako, tata."

"Wangu? Mbona mkubwa hivi?"

Swali hilo Blandina anakuwa ameshalijibu usiku, tena akiwa na ndala moja mkononi, maana ya pili mzee ameichovya kwenye sufuria ya maharage. Siku nyingine Blandina alichoka akajibu, "Mtoto wa jirani," ili apumue kidogo.

Walikuwa wanakaa Soweto, Mbeya, nyumbani kwa kaka yake, Yotamu, mzee wa kanisa. Kumwosha baba, kumtafutia meno yake, kumkimbilia barabarani anapotoka na kofia ya kazi akisema treni inamsubiri, hizo zote zilikuwa kazi za Blandina. Kazi ya Yotamu ilikuwa kuamua.

Na ndugu wengine? Hao walikuwa kwenye simu. Shangazi Apolonia wa Iringa alituma sauti ndefu kwenye kikundi cha ukoo kwamba ugonjwa umetokana na pombe ya ulanzi aliyokunywa ujanani. Mwingine akasema apewe vitunguu saumu. Mwingine akaweka picha ya mikono inayosali. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee amelalaje.

Basi siku moja wakampeleka hospitali, Blandina na Yotamu, mzee katikati. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Akasema ndani ya ubongo kuna seli, zile chembe ndogondogo zinazojenga mwili, na ndani ya seli kuna protini. Kila protini inatakiwa ikunjwe kwa umbo lake ndipo ifanye kazi. Ikichakaa, seli inaifagia. Kwa mzee, baadhi zimekunjika vibaya na hazifagiliki tena. Zinang'ang'aniana, zinakuwa mabonge. Bonge likishakuwepo linavuta nyingine zilizokuwa nzima. Seli inabanwa, inashindwa kupeana habari na seli nyingine, mwisho inakufa.

Blandina alikunja uso. Daktari akamwuliza, "Mama unafanya shughuli gani?"

"Nauza mtindi."

"Basi utanielewa upesi. Yale masalia unayoyaacha kwenye kibuyu, si ndiyo yanayavuta maziwa mapya yagande? Na yakishaganda, unaweza kuyarudisha yawe mabichi?"

"Hayarudi," Blandina alisema, na hapo ndipo alipomwelewa baba yake kwa mara ya kwanza. Mzee hakuwa anamfanyia makusudi.

Yotamu muda wote alikuwa anajibu ujumbe wa kwaya. Aliyoyasikia ni maneno matatu tu: maziwa, kuganda, ubongo. Walipofika nyumbani hakuvua hata koti. Alichukua kibuyu, akamwaga mtindi wote kwenye mfereji.

"Kaka! Umeingiwa na nini?"

"Daktari kasema maziwa yamemgandia kichwani. Wewe si ulikuwepo?"

"Ulikuwa mfano, Yotamu!"

"Mfano wa nini? Kayataja maziwa kwa jina lake."

Kufikia jioni ukoo mzima unajua. Majirani nao wakajua. Mteja mmoja, mama mzima mwenye wajukuu, alirudisha chupa akisema, "Sikukatai mwanangu, lakini mimi kichwa changu bado nakihitaji."

Maskini Blandina alirudi kwa daktari. Daktari akashika kichwa. "Hapana, hapana! Mtindi hauna kosa lolote. Mpe, tena mpe sana, asikonde." Blandina akaja mbio na habari hiyo. Yotamu akacheka.

"Umemlilia, kakuonea huruma. Neno la kwanza ndilo la kweli."

Utamfanyaje mtu wa namna hiyo?

Ubaya ni kwamba mtindi ndio ulikuwa chakula pekee ambacho mzee bado alikijua. Ugali aliuviringa akauweka mfukoni. Uji wa ulezi aliutazama kama deni la mtu mwingine. Wiki hazikuwa nyingi, mkanda wake ukaanza kuzunguka kiuno na kubaki. Blandina akagandisha mengine kwa masalia yaliyong'ang'ania kibuyuni, akawa anamnywesha kwa siri nyuma ya banda la kuku, mpaka siku masharubu meupe yalipowasaliti. Eveline, mke wa Yotamu, ndiye aliyeona.

"Wifi, utatuulia mzee."

"Anayemuua ni njaa, wifi. Hebu mshike mkono huu. Mshike!"

Eveline hakuushika.

Jumapili baada ya ibada Yotamu akaweka kikao sebuleni. Shangazi Apolonia alikuwa kwenye simu, imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Uamuzi: Blandina asimlishe tena baba. Atalishwa na Eveline, uji tu.

"Na kumwosha?" Blandina aliuliza.

Eveline akaanza kukusanya vikombe.

"Kumfuata barabarani?"

"Hilo tutalipanga," Yotamu alisema.

"Shangazi, wewe unasemaje?"

"Mtandao unakatakata, mwanangu," simu ilijibu, safi kabisa.

Eveline akaleta bakuli la uji. Mzee akafunga mdomo. Yotamu akambembeleza, akamsihi kwa jina la Bwana, mwisho akamkandamiza kijiko kwenye midomo. Uji ukatiririka kidevuni. Mzee hakupiga kelele. Alimtazama Blandina, akasema polepole, "Mama, mwambie huyu mkubwa wa stesheni, mimi nachelewa kazini."

Blandina alinyanyuka. Alimfuta kidevu kwa ncha ya kitenge chake. Akaenda jikoni, akarudi na kibuyu kwapani na ile kofia ya relini, ambayo kila siku alikuwa anaificha juu ya kabati ili mzee asitoke. Akamvalisha.

"Haya tata. Leo twende kazini."

Uso wa mzee ulifunguka. Akavuta koti lake chini, akanyoosha mgongo.

"Unampeleka wapi?" Yotamu alifoka.

"Rujewa. Kwa Siwema anayeniletea maziwa. Ana chumba, na ng'ombe wapo mlangoni."

"Na huyu mgonjwa?"

"Si mgonjwa, ni baba yangu. Anataka kula."

"Waache," Yotamu akamwambia mkewe, walipokuwa wanavuka geti, mzee mbele, ameshika mkono wa bintiye kama mtu anayempeleka mtoto shule. "Hata giza halitaingia. Atachoka naye, atarudi."

Eveline aliacha geti bila kufuli usiku ule, na uliofuata. Bakuli la uji lilikaa mezani mpaka likafanya ngozi juu. Hawakurudi.