Kanga Ndani ya Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye gereji moja pale Uyole, Fundi Mkuu alinituma mayai na mche wa sabuni. Nikajua ni chai ya asubuhi. Nikarudi na mayai yameshakaangwa na vitunguu, nimeyafunika kwa sahani, najiona mfanyakazi hodari. Fundi Mkuu aliyala yote, akajifuta mdomo, akanituma tena.

"Sasa leta mabichi. Mgonjwa yule pale hali vitunguu."

Mgonjwa alikuwa lori lililotoboka rejeta. Alitenga viini, akamimina ute kwenye maji ya moto, ute ukaiva humo ndani ukaziba tundu. Sabuni akaisugua kwenye ufa wa tangi la dizeli mpaka matone yakakatika. Ninyi vijana mnaochomeka waya mkasubiri kioo kiwaambie gari linaumwa wapi, chekeni tu. Lori lile lilifika Tunduma.

Kulikuwa na ukungu siku ile, ule wa Uyole unaokuficha hata mkono wako. Tukiwa tunanawa grisi, Fundi Mkuu akanipa sheria moja. "Kitu cha nyumbani kwa mtu, kabla hujakitia kwenye gari, uliza mwenyewe yupo. Kama alishakufa, rudisha."

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu gari linatembea," akasema, akaendelea kunawa.

Nilidhani ni uzee. Lakini nilipohamia Ubaruku, kwenye malori ya kinu cha mpunga, nilijikuta nauliza swali lile kila nilipoazima kijiko au soksi. Meneja wa kinu alinitania sana. "Fundi, unaomba kijiko au unaposa?" Mtu hajibizani na meneja wake kwa mambo ambayo hata mwenyewe hayaelewi.

Kutoka hapo nikaenda Idodi, kwenye zahanati ndogo ya misheni. Mkubwa wetu alikuwa Sista Mfawidhi, mama mkali mwenye huruma. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu, jipu kuukuu, na dereva wake Mzee Kalinga, Mhehe mpole wa maneno machache. Mke wake, mama Neema, tulikuwa tumemzika kabla ya mavuno.

Mchana mmoja tulikuwa tunampeleka Iringa mtoto wa kike mwenye homa kali, amepakatwa na mama yake kiti cha nyuma. Mkanda wa feni ukakatika. Mkanda huo ndio unaozungusha feni na pampu ya maji. Bila huo injini inachemka na safari imekwisha. Wa akiba hatukuwa nao. Nyumba hakuna, upepo hakuna, hata ndege sikusikia. Mama mtoto alikuwa na kanga moja, ndiyo aliyomfunika mwanawe.

Mzee Kalinga akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa kanga iliyokunjwa vizuri, inanukia sabuni.

"Mwenyewe yupo?" nikauliza, kwa mazoea tu.

Akanitazama. "Wewe funga, fundi."

Nilijua ni ya nani. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikachana kipande kirefu, nikakilowesha, nikakisokota kamba, nikakizungusha kwenye puli, vile vigurudumu vya mkanda, na kupiga fundo la kufungia ng'ombe, ncha nikaziacha zinaning'inia. Mkanda wa namna hiyo unakufikisha kijiji cha mbele, ukiwa na bahati.

Tukapita kijiji cha mbele, tukapita na kingine. Nimekaa nimetega sikio, nasubiri ukatike. Mtoto akafumbua macho.

"Mama, nani anaimba?"

"Hakuna anayeimba. Lala."

Mzee Kalinga alikuwa amepunguza mwendo, na mashavu yake yamelowa. Ndipo na mimi nikasikia. Mkanda wa nguo unapiga makofi na kulia kama panya. Hiyo sauti naijua. Hii ilikuwa sauti ya mtu anayeimba amefumba mdomo, taratibu, anakatisha kidogo na kuendelea. Alikuwa anavuta pumzi. Injini haivuti pumzi, vijana wangu.

Iringa tulifika. Mtoto alilazwa, akapona. Mzee Kalinga alipozima gari, ule wimbo haukunyamaza hapo hapo. Ulimalizia kipande chake kwanza. Nikafungua boneti. Nguo ikipata moto hulegea. Hii ilikuwa imekaza kuliko nilivyoifunga, na zile ncha nilizoziacha zikining'inia zilikuwa zimechomekwa ndani kwa unadhifu, kama mwanamke anavyochomeka pindo la kanga yake kiunoni.

"Usiiguse," alisema Mzee Kalinga nyuma yangu.

Sista Mfawidhi alinunua mkanda mpya. Mzee Kalinga akautupa nyuma ya kiti, akasema utafungwa hii ikikatika. Kila alfajiri alikuwa anawasha gari na kukaa humo peke yake, vioo vimepandishwa. Usingizi ukanipotea. Gari lile lilibeba wajawazito, na kati ya Idodi na Iringa kuna mahali ukikwama utamsubiri Mungu tu. Sista akaniita ofisini.

"Fundi, mkubwa wa gari hili ni mimi au kanga?"



Kisha akaletwa mama mmoja, mtoto amekaa vibaya tumboni, anatakiwa Iringa haraka. Nikafungua boneti nikakuta nyuzi za kanga zimekatika karibu nusu. Nikachukua kisu. Mzee Kalinga akasimama kati yangu na gari.

"Mzee, humo ndani kuna mama na mtoto."

"Na huku mbele yupo mama Neema."

"Mama Neema amekufa, mzee wangu."

Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo waziwazi. Mama yule alikuwa analia ndani ya gari. Halafu Mzee Kalinga akaninyang'anya kisu, akakitia mfukoni, akaliendea lile fundo kwa vidole. Mimi nilikuwa nimeshalijaribu asubuhi ile likawa gumu kama jiwe. Kwake lilifunguka mara moja. Nikafunga mkanda mpya, tukaondoka, na gari likanguruma kama gari. Mama akajifungua salama. Kurudi, Mzee Kalinga aliendesha na kile kipande cha kanga mapajani, na roho iliniuma kuliko kama angenitukana.

Baadaye aliniambia kuwa siku ya kuondoa msiba, nguo za marehemu zilipogawiwa ndugu kama desturi inavyotaka, hiyo moja aliificha. Akaomba nimsindikize kuipeleka kwa mdogo wa mkewe.

"Kamwene, shemeji," alimsalimu kwa Kihehe mlangoni, akamkabidhi kanga iliyochanika na kile kipande kilichojaa grisi. Shemeji yake hakugomba. Aliipokea kwa mikono miwili.

Nikashindwa kujizuia. Nikauliza kama dada yake alikuwa mtu wa nyimbo.

"Dada? Hata kidogo. Kanisani alikuwa anachezesha midomo tu."

Tulipotoka, Mzee Kalinga akasema, "Alikuwa anaimba jikoni, akijua sipo. Akisikia gari, ananyamaza. Sasa mimi nilikuwa nazima gari kule mlimani, linashuka lenyewe mpaka nyuma ya jiko. Nasikiliza kwanza, ndiyo napiga hodi."

Sasa nimestaafu, niko Uyole na ukungu wangu. Mkiniuliza kama naamini mambo hayo, mimi ni fundi. Nawaambia nilichosikia na nilichoshika. Mayai yanaziba rejeta, sabuni inaziba tangi. Kuhusu kanga sina maelezo, na sitaki mtu anitafutie.

Siku niliyoondoka Idodi, Mzee Kalinga alinipeleka kupanda basi, akasema tupitie kwake kwanza. Juu ya mlima akazima gari. Tukashuka kimya, mawe tu yanalia chini ya matairi, mpaka nyuma ya jiko lisilo na moshi. Akashusha kioo. Tukakaa hapo tukisikiliza, na mimi nikajikuta nimebana pumzi. Halafu akateremka, akasogea mlangoni taratibu, akapiga hodi.