Zipaquirá ya Murara

Siku ya kwanza nilikwenda kwa Papa Zihindula kumshusha bei. Nilikuwa nimefungua depo ya viazi kwenye kona moja ya Murara, hapa Goma, isiyo na jina, na wamotari, vijana wa pikipiki, waliobeba wateja wangu walizunguka mpaka wakachoka. Nilihitaji kibao. Yeye anachora vibao, na zamani alimpikia padre mmoja wa Kolombia miaka ishirini na miwili.

Nilijiandaa kubishana mpaka saa sita. Akasema tu, "Mama Eugénie, nitakuchorea bure."

Mfanyabiashara akisikia bure, ashike mfuko wake. Nikauliza, "Bure na nini?"

"Na jina. Jina nachagua miye."

Akanivuta mbele ya ramani ya Kolombia iliyobandikwa juu ya redio, akanitembeza kwa kidole chenye rangi ya kijani: Facatativá, Sogamoso, Zipaquirá. Ni majina ya Wamuiska, alisema, waliokaa huko kabla ya Wahispania. Wahispania walifika na watakatifu wao, lakini majina ya wenyeji hayakuhama.

"Yalikataa kwa nini?"

"Mama, jina si ya mwenye kuandika. Ni ya wenye kupita pale kila siku."

Padre alikuwa mtu wa Zipaquirá. Alipoondoka kwenda kufia kwao, Zihindula alimwahidi kwamba jina la mji wake litasemwa Goma. Miaka tisa imepita, na aliyelisema ni Zihindula peke yake, mkewe Généreuse akimwomba anyamaze ili wale chakula.

"Na hivi viazi vyako," akaongeza ili kunimaliza, "babu zao walitoka milima ya upande ule."

Nikakubali. Niliomba jina langu liwe chini. Aliliweka, dogo kiasi kwamba inzi akitua linafunikwa.

Kibao kilipanda Jumatatu. Jumanne motari aitwaye Lionel akasimama, akakitazama. "Mama, hii ni dawa ya nini?"

Zihindula, anayekaa ng'ambo ya barabara, akatoka mbio na brashi mkononi. "Si dawa, mutoto! Sema: Zi-pa-ki-rá."

"Muzee, mpaka nimalize kusema, mteja ameisha kushuka."

Tangu siku ile akaleta kiti chake barabarani. Kila pikipiki iliyosimama aliikimbilia, akiwafundisha dereva na abiria. Wengine waliongeza mwendo. Wengine walikuja makusudi kumchokoza. Mwezi haukuisha, hata wamotari wa Kibati, nje ya mji, walikuwa wanaita: "Nani anaenda kwa Zihindula?"

Akaja kwangu amevimba kwa hasira. "Mama, uwaambie!"

"Niwaambie nini? Si ulisema jina ni ya wenye kupita?"

Akanisahihisha: "Nilikuwa nasema juu ya Wamuiska."

Sasa viazi vyangu vinaisha kabla ya adhuhuri, lakini hakuna anayemtaja Eugénie. Hata dada yangu Christa, akitoka Rutshuru, anaomba apelekwe kwa Zihindula ndipo anifikie mimi. Ahadi ya Zihindula kwa padre imebaki kwenye kibao tu.

Wiki iliyopita chef d'avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alipita na daftari kuandika majina ya kona. Akawauliza wamotari, akaandika walichomjibu. Zihindula aliomba Zipaquirá iongezwe pembeni, hata kwa penseli. Chef akasema hakuna nafasi.

Basi Zihindula akavaa miwani, akainama juu ya daftari, akahakikisha jina lake halijakosewa.